Dume la Mkwe

"Mgeni njoo, mwenyeji afe," alisema mama mfugaji aliyeketi mbele yangu basini. Muuza nyama aliyekaa naye akauliza, "Mgeni gani tena, mama?"

"Dume la kigeni la mkwe wangu. Lilivunja ua, likaanza kupanda mitamba yangu. Mbegu ya ng'ombe wa babu imebaki kwangu tu, vichwa kumi na kimoja."

"Ukafanyaje?"

"Nikalihasi."

Muuza nyama, mtu wa visu tangu ujana, akabana magoti. "Lakini madume ya kigeni yana nyama, mama!"

"Kiangazi yanabaki mifupa. Wangu wanakula majani makavu na bado wananona."

Basi likasimama. Mkwe alikuwa kituoni, amekunja uso.

"Anangoja nimwombe radhi," alisema mama akishuka. "Simwombi."