Bibi Lebo na Kijitabu cha Mkunga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkutubi wetu, ambaye sote tunamwita Bibi Lebo, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Nawaomba radhi wenzangu wenye kalamu bora kuliko yangu. Nadhani nimepewa heshima hii kwa kuwa mimi ndiye niliyemkosea zaidi.

Alianza kwa kubandika namba migongoni mwa vitabu, kwa gundi aliyoikoroga mwenyewe. Maktaba ilipoanza kuweka maandishi mtandaoni, wengi wetu tulidhani kazi ni kupiga picha kurasa na kuzirusha. Yeye aliuliza kwanza ni mali ya nani. Tangu hapo hakuna andiko lililotoka bila lebo yake: kijani, chukua usambaze; njano, soma hapa hapa; nyekundu, ngoja tumwulize mwenyewe. Hata kopo la sukari la ofisi lilikuwa na nyekundu. Wahudumu walipomtania kwamba bila shaka mumewe naye kabandikwa, alijibu kwa utulivu kuwa haki zote zimehifadhiwa.

Mwaka mmoja alikwenda likizo, nami, msahihishaji, nikakabidhiwa lebo. Nilikipa kijani kijitabu cha mkunga mmoja aliyefariki, nikiamini kuwa marehemu hadai kitu. Mwezi haukuisha kikawa kimezagaa katika tovuti nyingine, jina la mkunga limefutwa. Binti yake, fundi cherehani, alileta barua ya wakili akitaka mkusanyiko wetu wote uondolewe mtandaoni. Mkurugenzi alikwisha kushika kalamu kutia saini.

Bibi Lebo aliomba siku saba. Hakunitaja kwa yeyote. Alikwenda kwa yule binti, akaketi katikati ya vitambaa, akaomba radhi kwa kosa lisilo lake. Alirudi mara ya pili, kisha ya tatu. Hapo ndipo binti alipomwambia, "Mama hakuwa mchoyo wa ujuzi, dada. Wasome wote. Ila mkimtoa jina, mmemzika mara mbili."

Mimi ni mgane. Maneno hayo ya binti sikuhitaji kufafanuliwa.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa lebo ya buluu: chukua, usambaze, na umtaje. Bibi Lebo aliziandikia zile tovuti, moja baada ya nyingine, kwa adabu isiyochoka, hadi ya mwisho ikalirudisha jina. Mkusanyiko ulisalimika, na leo maandishi zaidi ya elfu mbili yana buluu yake.

Wiki iliyopita mwanafunzi wa ukunga, kutoka mbali, alituma shukrani. Hakutushukuru sisi, alimshukuru marehemu, kwa jina lake kamili. Bibi Lebo aliisoma akiwa amesimama, akafuta miwani, akarudi kazini.

Wasifu huu nami nimeubandika buluu. Unakiliwe, usambazwe, ila yeye atajwe. Ahsante, Bibi yetu. Uendako ukapate pumziko jema, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi.