Milbert Rott na Uzio Ambao Hakuuvuka

Kwanza ijulikane kwamba dada wa marehemu hakutaka kuandika haya. Leontina Rott aliishia darasa la saba, macho yake yana miaka themanini na mitano, na mchungaji anayewasomea haya anayajua yote hayo. Lakini Renae, binti wa marehemu, alileta karatasi ya kompyuta ikisema baba yake "alikuwa mpenzi wa mazingira." Leontina akaichana. Milbert hakuyataja mazingira hata siku moja. Alipenda fezanti, wale ndege wa porini ambao jogoo wao wana pete nyeupe shingoni, na alipenda barabara za changarawe. Basi sikilizeni, maana hayatasomwa mara mbili.

Milbert Jakob Rott alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, maili saba kaskazini ya Eureka, Dakota Kusini, mtoto wa pili na wa mwisho wa Jakob na Katharina Rott. Theluji ilikuwa imefika madirishani. Leontina, aliyekuwa na miaka minne, aliambiwa achague kumwangalia mtoto au kulisha kuku. Alichagua kuku.

Alianza shule mwaka 1947, ile ya chumba kimoja, akijua Kijerumani cha nyumbani tu, na akamaliza darasa la nane mwaka 1955. Mwalimu alimkalisha mbali na dirisha, maana fezanti walikuwa wakila mbegu uani na yeye akila kwa macho. Januari 1949, baada ya dhoruba ya siku tatu, aliwakuta ndege kwenye vichaka vya nyuma ya nyumba, wamesimama wima kama vyungu vilivyosahaulika nje, midomo na pua zimezibwa na barafu. Walikuwa wazima lakini hawapumui vizuri. Baba akamwita, "Ndege ni wa Mungu, wewe ni wangu, rudi ndani!" Hakurudi. Alimwita dada yake, wakawabeba ndani ya makoti hadi bandani, wakayeyusha barafu kwa viganja vyao, mmoja baada ya mwingine, ndege kumi na saba. Asubuhi iliyofuata walifungua mlango wa banda. Walitoka wote kwa mkupuo mmoja, jua likiwapiga mabawani, na ua mzima ukageuka rangi ya shaba. Milbert alivua kofia katika baridi ile kama mtu aliyeingia kanisani. Mama alimkemea. Dada yake hakumkemea, ila hakumwambia kwamba naye moyo ulimsimama.

Kazi yake ilikuwa kuendesha greda la barabara za wilaya, tangu mwaka 1965 hadi alipostaafu mwaka 2003. Kila mtu hapa ameendesha gari juu ya kazi ya mkono wake. Mwezi Juni, akiona mtetea ameatamia mayai ukingoni, aliinua kisu cha greda, akapita, akakishusha tena mbele. Ndiyo maana barabara zenu zilikuwa na vipande visivyochongwa, na mkilalamika mlikuwa hamjui. Wenzake walimtania, "Rott, leo umechonga barabara au umelea vifaranga?" Akajibu, "Vyote viwili, na wewe hujafanya hata kimoja."

Tarehe 11 Juni 1966 alimwoa Alvina Bender. Alvina alitaka Oktoba, kukiwa na ubaridi mzuri. Milbert akamwambia, "Oktoba siwezi, mpenzi, msimu wa kuwinda fezanti umefunguliwa." Walikaa pamoja miaka arobaini na minane, mpaka Alvina alipofariki mwaka 2014, na walijaliwa binti mmoja.

Sasa yafike yale ambayo Renae alisema yasiandikwe. Shamba la baba lilibaki kwa Leontina, ambaye hakuolewa na aliwauguza wazazi. Milbert hakunung'unika. Lakini Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba 1991, siku ya kufungua msimu, alimpiga risasi jogoo wa fezanti aliyeruka chini chini karibu na ng'ombe, jambo ambalo mwindaji yeyote wa huku anajua halifanywi. Mtamba bora wa Leontina alikurupuka, akajitupa kwenye seng'enge, akavunjika miguu.

"Usinikanyagie tena shamba hili!" Leontina alisema.

"Hata mguu?"

"Hata kidole!"

Ilipofika saa ya chakula cha jioni hasira ilikuwa imekwisha. Neno ndilo lililobaki. Leontina alidhani ndugu yake atakuja Jumapili waelewane. Hakuja. Naye pia ni Rott.

Tangu siku hiyo, kwa miaka thelathini na moja, Milbert aliwinda kwenye ardhi ya umma na kingo za barabara tu. Alijua kila kipande cha matete ambacho ni cha wote, na kila mtaro ambao nyasi zake huficha ndege baada ya mvua. Aliwinda kama sheria inavyotaka: miguu yote miwili chini, mlango wa pikapu umefungwa, jogoo watatu kwa siku, mtetea kamwe. Mtaro aliourudia kuliko yote ulipakana na uzio wa dada yake. Jogoo akiangukia ndani, sheria inamruhusu mwindaji aweke bunduki chini avuke kumfuata. Milbert hakuvuka. Aliweka bunduki chini kwenye nyasi, akasimama na kofia mkononi, akaita kuelekea nyumbani.

"Dada! Jogoo wangu ameangukia kwako!"

"Wako au wangu? Si yuko kwangu?"

"Basi tugawane."

"Unipe nini, miguu?"

"Sheria inaniruhusu kuingia, ujue."

"Ingia basi."

"Sheria ya serikali inaniruhusu. Yako bado."

Leontina alivaa mabuti, akamtafuta ndege yeye mwenyewe, akampitisha juu ya waya. Hivyo ndivyo walivyozungumza. Majirani walisema ni ukaidi. Lakini tafuteni mtu mwingine aliyelishika neno la hasira la mtu mwingine kwa miaka thelathini na moja, bila mlinzi wa kumtazama, ndipo mje mtuambie ni ukaidi.

Mwaka 2020 moyo wake ulianza kushindwa. Tarehe 15 Oktoba mwaka huu, siku ya kufungua msimu, Renae alimkalisha kwenye kiti mtaroni. Kutembea hakuweza. Leontina akamwona kutoka dirishani, akachukua fimbo, akaingia kwenye matete ya shamba lake kwa upande wa mbali, akayapiga kama mbwa wa kuwindia akimsogelea ndugu yake. Mara wakaanza kuruka. Makumi, na makumi juu ya makumi, jogoo wakiwika, mbingu ikajaa shaba. Wote wakapita juu ya kichwa cha Milbert. Hakuna mlio wa bunduki. Leontina alipofika kwenye waya, alimkuta kofia iko magotini.

"Mbona hukupiga, we mzee? Nimechoka bure!"

"Nilisahau kama nina bunduki. Walikuwa wengi kuliko wale wa bandani, Tina."

Leontina alishika waya wa juu. Neno "pita" lilimfika mdomoni. Akasema, "Nyumbani kuna supu."

"Niletee hapa hapa."

Akaleta. Waliinywa, seng'enge ikiwa katikati yao. Dada yake alijipa moyo kwamba neno lile atalisema Jumamosi ijayo, kisha ile ijayo. Milbert alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 3 Novemba 2022, saa tatu asubuhi.

Walimtangulia wazazi wake na mkewe Alvina. Ameacha binti, Renae. Wajukuu wawili, Cody na Brenna. Mbwa wake, ambaye bado analala kwenye kiti cha mbele cha pikapu na asiondolewe. Na dada yake.

Makaburi yetu yako ng'ambo ya shamba hilo, ndani ya uzio wake. Leo alfajiri Leontina amekata seng'enge kwa koleo, nyaya zote nne, na neno la mwaka 1991 amelifuta mbele yenu. Kwa hiyo ninyi mnaobeba jeneza, msipite barabarani. Barabarani amepita vya kutosha. Mpitisheni katikati ya shamba, polepole, miguu yenu iwe yake. Mkifika kwenye matete fezanti wataruka. Simameni mvue kofia, kila mmoja wenu, na asifungue mtu mdomo mpaka wa mwisho apotee angani. Kisha mlazeni apumzike kwa amani, upande huu wa waya.