Dawa Isiyofika Nchani: Maisha ya Daktari Thawil Chaiwong

Waheshimiwa watawa, ndugu, jamaa na marafiki, kabla hatujapanda kwenye tanuri la kuchomea mwili kumwekea marehemu maua ya sandali ya kumuaga, familia imenituma mimi Kasem, mdogo wake, niwasomee historia hii.

Daktari Thawil Chaiwong alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 hapa Lampang, mtoto wa kwanza wa mfinyanzi wa mabakuli, akasoma hapa hapa mjini, kisha akahitimu udaktari wa meno Bangkok mwaka 1973. Tarehe 2 Mei 1975 alifungua kliniki karibu na stesheni, na mwaka 1978 alimwoa Bi Bualai, wakajaliwa binti mmoja, Nuanchan, tunayemwita Nuan, ambaye naye alisomea meno.

Mwaka 2011, mbele ya madaktari wenzao huko Chiang Mai, Nuan alionyesha kwamba mfereji wa mzizi wa jino ukioshwa kwa bomba la sindano peke yake, kama baba yake alivyofanya miaka yote, dawa haifiki nchani na bakteria hubaki, lakini dawa hiyohiyo ikitikiswa ndani kwa kijiti chembamba kinachotetema, wengi zaidi hutoka. Marehemu alijiona amevuliwa nguo hadharani, akamwambia, "Wewe niliyekuosha masikio, leo unifundishe kuosha?" Nuan akahamia Khon Kaen, wasisemezane tena.

Na ukweli usemwe, maana mwenyewe alitaka usemwe. Mwaka 2017 alinunua kifaa hicho, akatoa kadi za zamani, akawaita wagonjwa wake mmoja mmoja, akawaosha upya mizizi, watu sitini na mmoja, wengine mmekaa hapa. Simu ya kumpigia Nuan aliiinua mara nyingi, akairudisha mezani. Kiburi kilimponza, nasi tuliokuwa tukimwona tukanyamaza, jambo tunalolijutia mno.

Aliugua mapafu kuanzia Januari 2023, akafariki tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, madaktari wenzake wa meno, na majirani waliotupikia siku zote tano za msiba.

Kama ilivyo desturi, tunawaomba nyote aliowakosea mumsamehe. Nuan, wewe unaombwa peke yako. Jino la mama yako, ambalo baba yako alilitibu mwaka 1988, limevimba ufizi tangu Aprili, naye baba yako alikataa kuligusa, akakataza na wengine, akasema, "Hilo la Nuan. Akija, mwambieni alikuwa sahihi." Mama bado anatafunia upande mmoja.

Kaka, pumzika sasa kwa amani, amekuja.