Mama Rula na Mstari Ambao Haukuwepo

Tarehe thelathini mwezi huu, ikigonga saa kumi jioni, Mama Rula atafunika kalamu yake nyekundu na kutoka chumba cha kusahihisha. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi minne hapa kiwandani. Amezikuta mashine nne za kuchapa, tatu amezizika.

Kazi yake ni kusoma kabla ya wengine. Iwe kadi ya harusi, iwe kitabu cha shule, hakichapwi mpaka kipite mbele yake. Anaweka rula ya mbao chini ya mstari, anausoma, anaishusha. Jina lake likatokea hapo. Lile la kwenye faili wengi hatulijui, na nadhani hata yeye akiitwa kwa hilo atageuka kuangalia nyuma.

Mimi niko mashine ya kukata karatasi, mlango wangu unatazamana na meza yake. Miaka sita nimemwangalia na bado sijamzoea. Kosa likiwa karibu, anashika ndewe ya sikio la kushoto kabla hata hajalifikia. Fundi mkuu wa mashine akiona ule mkono umepanda, anapunguza redio mwenyewe bila kuambiwa. Siku moja Mama alisimama mlangoni tu, bango limelala mezani kichwa chini miguu juu, akasema nukta ya mwisho si ya ukoo ule, imetoka kwenye herufi za aina nyingine. Fundi akacheka. Tukaleta kioo cha kukuzia. Ilikuwa nukta ya ugenini kweli. Fundi hajacheka tena.

Ana utaratibu wake, unaitwa kusoma kwa wawili. Mmoja anasoma kwa sauti karatasi ya mteja, mwingine anafuata kwa rula kwenye karatasi yetu. Kila kitu kinatamkwa: "mkato," "nukta," "aya mpya." Wapita njia wakisikia dirishani wanadhani humu kuna ibada. Kuna muuza maji mmoja, akifika hapo huvua kofia.

Kompyuta ya kukagua maandishi ililetwa miaka kumi na miwili iliyopita. Wazee wa hapa wanasimulia kwamba siku ya kwanza ukurasa mzima ulikuwa mistari myekundu, kama magoti ya mtoto aliyeanguka kwenye kokoto. Mashine ililelewa kwa lugha nyingine, yetu haikuijua hata salamu. Watu wakashika mbavu. Mama Rula akawauliza, "Mnamcheka nini? Kwani huyu kafundishwa na nani?"

Akaanza kumfundisha. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikaa na daftari akaiingizia maneno moja moja. Akafika elfu mbili na kitu. Umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira, kompyuta ikaungua na maneno yake yote. Walioiona siku ile wanasema hakutoa hata pumzi kubwa. Kesho yake kompyuta mpya ilipowekwa, alifungua daftari akaanza na A.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiandika neno na neno likatulia, halikuwekewa alama nyekundu, ajue limepita mkononi mwake.

Na hakuwa na kinyongo na ile mashine. Mara moja ilikamata herufi iliyorudiwa ambayo yeye aliipita. Aliipigia makofi, halafu akatuita tutoke kwenye mashine zetu tuje na sisi tuipigie. Alikuwa akiiita Darasa la Pili. "Herufi inazijua," alisema, "habari haizijui."

Meneja wetu, mtu mwema mwenye haraka, alilijua hilo kupitia simu yake. Ile simu inajifanya inakumalizia sentensi. Mteja wetu mmoja alifiwa na baba, meneja akaanza kuandika "Pole kwa", simu ikamwekea "kazi", kwa sababu ndivyo alivyozoea kutuandikia sisi, naye akatuma bila kuangalia. Mteja akajibu, "Asante bosi, tumeimaliza saa kumi, tumerudi nyumbani." Barua ya kuomba radhi aliiandika Mama Rula, kwa mkono, na mteja yule bado ni wetu.

Lakini haraka haina dawa. Miaka mitatu iliyopita ililetwa programu mpya inayokagua yenyewe na kurekebisha yenyewe. Meneja alitukusanya akasema kusoma kwa wawili kumepitwa na wakati, kunakula saa. Mwisho wa mwezi ule, akasema, meza ya Mama Rula itaondolewa, yeye atahamia mapokezi akabandike lebo kwenye bahasha. Miaka ishirini na minane ya macho yale, halafu lebo. Yeye alisema sawa. Aliomba kitu kimoja tu, aachiwe asome mpaka huo mwisho wa mwezi ufike.

Siku tisa kabla ya mwisho wa mwezi ndipo ikaja kazi ya zahanati, kikaratasi cha kuwapa akina mama pamoja na dawa ya maji ya watoto. Muuguzi alikiandika kwa mkono, mwandiko mzuri wa bluu. Aliyekiingiza kwenye kompyuta ni kijana wetu tunayemwita Vidole, maana akiandika huvioni. Akabonyeza kukagua. Hakuna hata kosa moja. Akasema, "Safi kama sahani ya mgeni," akapeleka kwa fundi. Mama Rula hakuwepo, alikuwa amempeleka mumewe kliniki ya macho.

Alirudi saa tano. Karatasi zilikuwa zimeshaanza kukauka, na katoni la kwanza lilikuwa limebebwa kwenda getini kwenye gari la zahanati. Hakuuliza mtu. Alichukua kikaratasi kimoja, akatafuta ule mwandiko wa bluu, akaja mlangoni kwangu. "Mwanangu, zima hiyo, njoo unisomee."

Nilimwambia mimi kusoma kwangu ni kwa kidole. Akasema, "Polepole yako ndiyo ninayoitaka leo. Wenye mbio wameshapita."

Nikasoma. Mkato, nukta, kijiko kimoja asubuhi, kijiko kimoja jioni, nukta. Rula inashuka. Nikaona mkono umepanda sikioni. Nikasoma mstari uliofuata, kwamba dawa hii asipewe mtoto wa chini ya miezi sita. Rula haikushuka.

"Rudia."

Nikarudia. Rula ilikuwa pale pale. Huo mstari kwenye karatasi yetu haukuwepo. Jicho la Vidole lilikuwa limeuruka, likatua mstari wa chini yake. Yaliyobaki yote yalikuwa yameandikwa sawasawa, ndiyo maana kompyuta ilinyamaza. Isingeweza kuweka alama nyekundu chini ya kitu ambacho hakipo.

Alitembea, hakukimbia, mpaka kwenye mashine kubwa, akabonyeza kitufe cha kuzimia. Kitufe kile hakikuwahi kuguswa na mtu ila fundi wa mashine tangu kiwanda kijengwe. Fundi mkuu akapiga kelele, "Mama! Hiyo mashine ina mwenyewe!"

"Na hiyo dawa ina watoto."

Mashine ilipozima, tukasikia gari getini likiwashwa. Sasa jamani, meneja ana tabia ya kuvua viatu chini ya meza akiwa kwenye simu. Alitoka na soksi. Alipita kwenye karatasi, akapita kwenye tope la mbele ya gereji, akalikimbilia lile gari barabarani akipiga bodi kwa kiganja, na dereva akadhani ni mwizi akaongeza mwendo. Alilipata kwenye kona, foleni ilipolishika. Akarudi na katoni kichwani, soksi moja.

Aliketi kwenye kiti cha msomaji, mbele ya Mama Rula, akavuta ule mwandiko wa bluu, akaanza kusoma mwenyewe kwa sauti, mkato na nukta, akitweta. Mama akaweka rula. Mpaka leo, kitu hakitoki hapa bila sahihi mbili, ya aliyesoma na ya aliyefuata. Meza haikuhamishwa. Bahasha zilipata mtu mwingine.

Ila mimi ninachokikumbuka zaidi ni cha mchana ule. Vidole hakwenda kula. Alikaa mbele ya kompyuta mikono imelala mapajani, na vile vidole siku hiyo uliviona vyote. Tulitegemea Mama atamsema, na tulikuwa tayari kumsaidia kumsema. Alivuta kiti akakaa karibu naye. "Kompyuta haikukudanganya, baba. Uliiuliza kama maneno yameandikwa vizuri, ikakujibu ndiyo. Hukuiuliza kama yote yamefika. Hilo wanaulizana watu." Akamgawia nusu ya chakula chake, akamsimamia mpaka akamaliza.

Tangu hapo Vidole ndiye anayemsomea. Kuanzia tarehe moja mwezi ujao atakaa yeye kwenye kiti cha Mama. Wiki iliyopita alijikaza akamwomba amwachie ile rula, iwe kumbukumbu. Tulidhani machozi yatatoka. Mama akasema, "Kanunue yako dukani. Hii nitamsomea mzee wangu karatasi za dawa zake." Vidole alikwenda kununua. Ya plastiki, ya kijani.

Kati ya yote yaliyochapwa hapa kwa miaka hiyo thelathini na moja, karatasi hii ni ya kwanza ambayo hakuruhusiwa kuiona. Tumemficha kwa shida, maana ananusa wino. Niliiandika kwa mkono, Vidole akaiingiza. Kompyuta ikapiga mistari myekundu kumi na saba, na kumi na sita ilikuwa haki yangu. Ikarekebishwa, ikasema hakuna kosa. Safi.

Halafu tukakaa wawili, kama alivyotufundisha. Mimi nikasoma kwa kidole, yeye akafuata kwa ile rula ya kijani, nukta kwa nukta. Mwishoni kabisa rula ikagoma kushuka. Nikarudia, ikagoma. Mstari mmoja nilioandika haukuwepo kwenye karatasi yetu. Vidole alikuwa ameuruka, na kompyuta haikuona chochote. Tulitazamana, tukacheka mpaka fundi akazima redio.

Mstari wenyewe ni huu, tumeurudisha mahali pake:

Asante, Mama, kwa kila ulichokiona kabla hakijamdhuru mtu.

Nenda kapumzishe macho. Mungu akupe wewe na mzee afya, siku nyingi, na vitabu vyenye herufi kubwa. Na ukikuta kosa humu ndani, mlango unaujua.