Anisia Mageni na Pipa la Bluu

Mama Wema, tuliyekuja leo kumlaza, alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Machi 1971, enzi hizo ikiwa bado wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga. Wazazi wake, mzee Mageni na mama Philomena, walimbatiza Anisia. Kitinda mimba wao ni Meshack, anayewasomea wasifu huu. Marehemu alimbeba mgongoni mpaka alipojua kukimbia.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1985, kisha akajifunza upishi kwa masista kwa miaka miwili. Huko ndiko alikotoka na ile tabia yake ya kunawa mpaka kwenye viwiko na kukagua kucha za kila aliyeingia jikoni kwake, padri naye akiwemo.

Mwaka 1993 aliajiriwa katika kiwanda cha minofu ya sangara, Mwanza. Minofu ilipanda ndege, mapanki, yaani vichwa na mifupa, tukala sisi, ngozi na magamba vikatupwa. Jambo hilo lilimkera miaka nenda rudi. Mwaka 1996 alifunga ndoa na Abel Bujiku, dereva wa malori ya bandari kavu ya Isaka. Walijaliwa Wema na Loveness, wakahamia Nyankumbu, Geita. Abel alitangulia mwaka 2011.

Mwaka 2017, baada ya semina moja ya akina mama, yeye na jirani yake Martina walianza kutengeneza jelatini, ule unga unaogandisha jeli na maziwa ya mtindi. Walichukua ngozi na magamba kwa wavuvi kule Nkome, wakaviosha, wakaviloweka kwenye maji ya chokaa na baadaye ya siki, wakavipika kwa moto mdogo bila kuvichemsha, wakachuja, wakaanika. Siku ya kipaimara cha Loveness waliwapakulia wageni jeli nyekundu. Mzee mmoja wa parokia aliigusa kwa kijiko, ikatikisika, akasogeza kisahani pembeni.

"Mayu," alimwita Anisia mama kwa Kisukuma, "hiki bado kiko hai?"

"Kilikufa jana, baba. Kula tu."

Alimaliza, akaomba kingine.

Yanayofuata Meshack ameyachapisha kwenye ratiba hii makusudi, ili sauti ikimkauka asipate pa kuyaruka. Mwaka 2021 kiwanda cha mtindi cha Ibadakuli kiliomba sampuli. Anisia alimwagiza mdogo wake pipa jipya la kulowekea. Meshack alisahau. Siku ya mwisho alichukua pipa la bluu pale karashani alipokuwa akifanya kazi, walipokuwa wanasaga mawe na kukamatisha dhahabu kwa zebaki. Alilisugua kwa sabuni mara tatu, akalianika juani, likanukia vizuri. Geita nzima tunatekea maji mapipa hayo, akajiambia, nani amekufa? Dada yake alipouliza kama ni jipya, alisema ndiyo.

Majibu ya maabara yalirudi na zebaki. Mzigo wote uliteketezwa kabla haujamfikia mlaji. Anisia alimgeukia Martina, maana nyumba ya jirani huyo iko karibu na kijito kinachopita chini ya karasha.

"Mama Wema, Mungu ananiona," Martina alisema. "Sijaosha hata gamba moja pale."

"Basi imetoka wapi? Hapa tuko wawili tu."

Meshack alikuwa palepale, ameshika kikombe cha uji. Aliendelea kunywa. Martina alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza, akaenda zake. Kwa miaka minne mtaa ulimwita mwanamke mchafu, na biashara ya wawili hao ikafa.

Aprili 2025 Anisia alipatwa na kiharusi, akalazwa Geita, kisha Mwanza. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini moja lilieleweka vizuri. Kila jioni aliuliza, "Martina hajaja?" Meshack alimjibu, "Nitamwita, dada." Hakumwita. Kumwita kungemlazimu kusema. Alijiambia akipata nafuu kidogo atamweleza yote, akaahirisha hivyo siku hadi siku, kwa woga, na aibu hiyo ni yake peke yake. Dada yake alifariki alfajiri ya tarehe 2 Juni 2025 akiwa bado anamlaumu mtu asiye na kosa, na bado anamsubiri.

Juzi Martina alikuja msibani bila kuitwa. Alinawa mpaka viwikoni, akaingia jikoni.

Anisia ameacha mama yake mzazi, Philomena, watoto wake, Wema na Loveness, wajukuu wawili, mdogo wake Meshack, aliyeleta pipa akasema ni jipya, na rafiki yake Martina, aliyekuwa mkweli tangu siku ya kwanza. Martina, familia inakuomba usogee mbele, uweke udongo pamoja na watoto.

Mama Wema, Martina amekuja. Pumzika kwa amani.