Picha ya Pili ya Mzee Rudia

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio kazini, na wewe unayetusikiliza ukiwa kitandani kwa maradhi, tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye huenda aliwahi kukupiga picha na hukumjua jina. Wagonjwa walimwita Mzee Rudia. Wenzake kazini walimwita Mzee Rudia. Hata mkewe, siku akikasirika, alimwita hivyo hivyo. Alifariki wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sitini na tatu. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza katika chumba kimoja cha hospitali, ghorofa ya chini, mwisho wa korido, mlango wenye alama ya njano.

Kazi yake ilikuwa tiba ya nyuklia. Tuieleze polepole, kama mwenyewe alivyopenda. Eksirei hupitisha miale mwilini kutoka nje. Yeye alianzia ndani. Mgonjwa alidungwa dawa yenye mionzi kidogo. Dawa ilikwenda kukaa kwenye mifupa, na baada ya saa tatu hivi kamera ilisoma mionzi inayotoka mwilini. Penye shida, dawa hujikusanya. Kwenye picha linaonekana doa.

Dawa hiyo haiwekwi akiba. Kila asubuhi aliikamua, ndivyo wenyewe wanavyosema, kutoka kwenye mtungi mdogo uliozungushiwa risasi, yale madini ya kuzuia mionzi, mzito kama jiwe la kusagia. Na kila baada ya saa sita, nguvu yake hupungua nusu.

"Ng'ombe wangu huyu," alizoea kusema, "maziwa yake hayamsubiri mtu."

Hakuanzia chuoni. Alianzia chumba cha giza, akiosha picha za eksirei. Mashine ilipoletwa, mafundi walioifunga walikaa siku tisa, wakaondoka, wakaacha kitabu cha maelekezo chenye kurasa mia nne, kwa lugha ya kigeni. Cheti kilikuja baadaye sana. Kwanza kilikuja kitabu.

Mkewe anakumbuka. "Kamusi mkono huu, penseli mkono huu. Ukurasa mmoja kwa siku, hazidishi. Nikamwambia, baba watoto, kitabu hicho si ungekioa tu, mimi nikarudi kwetu? Akasema, subiri nifike mwisho, nisije nikaoa nisichokijua."

Basi, wasikilizaji wapendwa, tufike kwenye jambo lililompa jina.

Ilikuwa mwaka wake wa nne kazini. Alikuja mama mmoja, mshonaji wa nguo, mwenye saratani ya titi. Siku ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa. Ilibaki picha ya mifupa tu. Foleni ilikuwa ndefu, dawa inapungua, na Mzee Rudia, kijana wakati huo, alimwita mama yule akiwa bado msalani. "Haraka, mama, haraka." Mama akatoka mbio, akapanda mezani. Picha ikaonyesha doa moja. Nyonga ya kushoto.

Daktari alisoma kama ambavyo daktari yeyote angesoma: ugonjwa umeshaingia mfupani. Upasuaji ukafutwa. Mama akarudi nyumbani, akamaliza nguo za watu alizokuwa nazo, akaacha kupokea nyingine.

Baada ya wiki kumi alirudishwa kupigwa picha tena. Nyonga ya kushoto ilikuwa safi. Hakuna doa.

Mzee Rudia alikaa na zile picha mbili hadi chai ikapoa. Doa la mfupa halipanguswi kama vumbi. Ndipo akakumbuka msala, na mbio, na "haraka, mama". Mwili huitoa dawa ile kwa mkojo. Tone moja lilikuwa limeanguka kwenye gauni la hospitali, na kamera haijui kutofautisha gauni na mfupa. Ilikuwa tone tu. Mama alikuwa ameagana na watu kwa ajili ya tone.

Hakuna aliyemtuhumu. Alimfuata mwenyewe.

"Mama, kosa lile lilikuwa langu. Nilikuharakisha, na gauni sikubadilisha."

Mama akauliza, "Ungenyamaza, baba, nani angejua?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Mama akasema, "Haya. Sasa nenda ukawe mwangalifu kwa mwenzangu."

Alipasuliwa, akaishi miaka minne. Je, wiki zile kumi zilimpunguzia nini? Hakuna ajuaye. Mzee Rudia hakuacha kujiuliza.

Tangu hapo, doa lolote lenye shaka, mgonjwa alishuka mezani, akaenda kunawa, akabadilisha gauni, akapigwa picha ya pili. Kwa miaka ishirini na saba. Na hii haikuwa kazi nyepesi, maana kumrudia mmoja ni kumchelewesha wa mwisho, na dawa iliyo mwilini mwa yule wa mwisho nayo inapungua. Kwa hiyo alifuta mapumziko yake. Alikula amesimama. Foleni haikumwelewa.

"Mzee, unapiga picha ya pasipoti?" mmoja alimuuliza. "Umeona sikutabasamu?"

"Tabasamu ukitaka," alijibu. "Ila kanawe kwanza."

Binti yake mkubwa anasema baba alikuwa akifika nyumbani anakaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyake miguuni. "Tulijua tusimuulize kitu mpaka avue kimoja. Siku nyingine alilala navyo."

Mwaka jana mgongo ulianza kumsumbua. Alisema ni mtungi wa risasi, umezoea kumuinamisha. Haukuwa mtungi. Ilikuwa saratani ya tezi dume, na safari hii yeye ndiye aliyepanda mezani. Aliyepiga picha ni dada aliyefundishwa kazi na Mzee Rudia, ambaye sasa ndiye mkuu wa chumba kile. Ametusimulia mwenyewe.

Picha ikatoka. Doa moja. Nyonga ya kushoto.

"Nikamwambia, Mzee, shuka ukanawe. Hakuuliza kwa nini. Akashuka polepole, akanawa, akavaa gauni jingine. Nikarudia. Doa lipo. Nikamgeuza ubavu, nikarudia tena. Lipo. Nikabaki nyuma ya kioo, siwezi kutoka."

Mzee Rudia akamwita kutoka mezani.

"Umerudia?"

"Nimerudia, Mzee."

"Gauni nimebadilisha. Doa limesogea?"

"Halijasogea."

"Basi ni langu. Liandike." Kisha akauliza, "Nje wamebaki wangapi?"

"Watano."

"Nishushe. Dawa yao inapungua."

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane wake, watoto wake, na wenzake wa mlango wenye alama ya njano: poleni sana. Tunajua mmechoka kwa kuuguza, na mmechoka kwa kuzika. Mungu awape nguvu.

Nasi tuliobaki, kila mmoja ana jambo aliloliamua kwa haraka juu ya mtu mwingine, akaliandika, likakauka. Leo tulitazame mara ya pili. Na wewe uliye kwenye foleni ya hospitali, umekaa tangu asubuhi, ukiambiwa ushuke ukanawe urudi, usinung'unike. Kuna mama aliyengoja wiki kumi ili wewe uambiwe hivyo.