Mama Tupo na Wajawazito wa Chumba Namba Nne

Uongozi na wafanyakazi wa maabara yetu hapa Kibamba, kwa heshima na taadhima, tunautangazia umma kwamba kuanzia Jumanne, tarehe mosi Julai, ndoano ya tatu nyuma ya mlango wa nyumba ya panya itakuwa wazi. Ndoano hiyo imebeba koti la kijani lenye kiraka kwenye kiwiko kwa miaka thelathini na moja bila kung'oka, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya vitasa vyetu. Mwenye koti, Bi. Tupokigwe Mwaisumo, mkuu wa kitengo cha majaribio ya uzazi, anastaafu tarehe 30 Juni. Maombi ya ndoano yameshaanza kupokelewa.

Bi. Tupokigwe alikuja Dar kutoka baridi ya Tukuyu akiwa na stashahada ya maabara na sweta mbili. Yeye alipata kazi, sweta hazikupata. Jina lake lilikatwa wiki ya kwanza likabaki Tupo, na umri ulipomfikia akawa Mama Tupo. Mgeni akiuliza getini, "Mama Tupo yupo?" mlinzi hujibu, "Tupo," na mgeni huendelea kusimama pale akisubiri jibu.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, ambao hudhani tunafuga panya kwa mapenzi, kazi yenyewe ni hii. Kemikali mpya ikija, iwe dawa ya mbu au rangi ya nguo, watu wanataka kujua kama itamdhuru mama mwenye mimba au mtoto aliye tumboni. Hakuna atakayemjaribia mke wake. Basi panya dume na jike huwekwa pamoja jioni. Asubuhi jike hukaguliwa, na dalili ikionekana anahesabiwa kuwa ana mimba. Kundi moja hupewa kemikali kidogo, jingine zaidi, na la tatu maji matupu, ili wawepo wa kulinganisha nao. Kisha watu wanasubiri. Watoto wakizaliwa hupimwa uzito, huangaliwa macho yanafumbuka lini, na wakikua, kama nao wanaweza kuzaa. Mwisho wa jaribio panya hawaendi nyumbani. Mama Tupo hakuwahi kulizungushia maneno hilo, na siku hiyo huwa hali chakula cha mchana.

Chumba chao ni Namba Nne. Ukitoka kwenye jua la Kibamba ukaingia mle, unaingia kwenye jioni. Taa ni nyekundu, kwa sababu panya karibu hawaioni. Joto ni lile lile kiangazi na masika, na maranda yananukia kama karakana ya seremala aliyepitiwa na usingizi. Midomo midogo inatafuna, sauti kama ya mvua ambayo haijaamua kunyesha. Watu hutoka mle wakinong'ona, na huendelea kunong'ona hadi kantini. Benedikto wa uhasibu aliingia mara moja kuhesabu feni, akasahau alichofuata, akatoka na uso wa mtu aliyeota anaogelea.

Mama Tupo hakuingia mle bila hodi. Alisema, "Hodi, jamani," akangoja kidogo, ndipo akasukuma mlango. Wafanyakazi wapya walicheka. Hawakujua kwamba panya aliyetoka kujifungua akishtuliwa anaweza kuwatelekeza watoto wake, au kuwala. Wakiambiwa hilo huacha kucheka, na kantini hubakiwa na nyama siku hiyo.

Alikuwa na neno jingine, kubwa kuliko hodi. Alipobeba mimba yake ya kwanza, taratibu za usalama zilimtoa kwenye kemikali zikampeleka ofisini. Kila siku alikuwa akija kusimama kwenye kioo cha Namba Nne, tumbo lake upande huu, matumbo yao upande ule, wote wakitafuna: yeye udongo, wao maranda. Aliporudi kazini hakusema tena panya "wenye mimba." Alisema "wajawazito." Mkurugenzi wetu, Dkt. Godlisten, alimkumbusha kwamba mjamzito ni mtu. "Sawa, daktari," alijibu, na akaendelea nalo. Neno hilo ndilo lililokuja kutuponza.

Miaka minne iliyopita Bwana Nawaf, mfanyabiashara wa siku nyingi, alijenga ukumbi wa harusi ukuta kwa ukuta na sisi. Spika zake zilikuwa ndefu kuliko bwana harusi. Ijumaa singeli, Jumamosi singeli, Jumapili marudio. Wakati huo tulikuwa na jaribio la unga wa rangi, jamaa wa ile inayochanganywa kwenye piko wanalojipaka maharusi. Watoto wa kwanza walizaliwa, wakafa, na walikufa katika makundi yote, hata lile la maji matupu. Haikuwa rangi, ilikuwa besi. Walibaki akina mama waliokaribia kujifungua. Nao wakipoteza watoto, jaribio lote lingeanza upya kwa panya wengine, na mtu wa kuwachagua hao wengine alikuwa Mama Tupo.

Akavua koti, akaenda kwa jirani.

"Shikamoo, mzee. Mie natoka hapo maabara. Naomba muziki upungue, tuna wajawazito, wanajifungua wiki hii."

"Marahaba. Wangapi?"

"Ishirini na wawili."

Bwana Nawaf akashika kichwa. "Dada'ngu, si ungesema mapema!"

Spika zikazimwa siku ile ile. Kesho yake mkewe, Bi. Bahiya, akatuletea sufuria ya uji wa pilipili manga, na ujumbe: wanywe wa moto, maziwa yatoke. Tuliunywa sisi. Benedikto aliongezewa mara mbili, na maziwa hayakutoka.

Watoto walizaliwa wazima, wakanyonya. Uji nao uliendelea kuja, na Mama Tupo akaacha kuugusa. Alipotamka nia yake ya kwenda kusema ukweli, Dkt. Godlisten alimsihi: "Subiri basi wakue kwanza, Mama, ndo ukaseme. Akiwasha spika leo tumekwisha." Akajibu kwamba mzee wa watu anafukuza harusi kwa ajili ya neno lake. Akaiosha sufuria, akaijaza maparachichi ya kwao, maana hakulelewa kurudisha chombo cha watu kitupu, akaenda.

"Panya?" alisema Bwana Nawaf.

"Panya, mzee."

"Hawa hawa wa mkia?"

"Hao hao."

"Nimemnyima shemeji yangu muziki, harusi ya mwanawe, kwa ajili ya panya?"

"Ndiyo, mzee. Unisamehe."

"Na uji wa Bahiya?"

Mama Tupo akamsogezea ile sufuria ya maparachichi. Aliyejibu alikuwa Bi. Bahiya mwenyewe, kutoka ndani: "Muulize wanapewa nini."

Mama Tupo akaeleza habari za rangi. Binti yao, Manal, alikuwa amekaa mkekani, mimba ya miezi saba, maua ya piko yamempanda miguuni mpaka magotini. Akavuta kanga akayafunika.

"Utajua lini?" aliuliza.

"Watoto wakikua. Wakiachwa watulie."

Bi. Bahiya alimgeukia mumewe. "Nawaf. Hizo spika zisiguswe."

Wiki zile mtaa ulikuwa kama umelala mchana. Harusi zilifungwa kwa vigelegele vya chini chini, wageni wakacheza peku juu ya mikeka, na ukipita nje ulisikia vitambaa tu. Manal alikuwa akija kusimama kwenye kioo cha Namba Nne, mkono juu ya tumbo. Macho ya watoto wa rangi na ya watoto wa maji yakafumbuka pamoja.

Unga ule, kwa vipimo vile, haukuonyesha tofauti na maji. Mama Tupo angependa iandikwe kwamba hilo ni la unga ule tu. Rangi nyingine hazijasemewa. Manal alijifungua mtoto wa kiume, Suhaib, ambaye hadi leo ndiye kelele pekee ya jirani ambayo Mama Tupo hajawahi kuomba ipunguzwe.

Mama Tupo, asante kwa hodi zote. Wapo watoto katika jiji hili, kuanzia Kunduchi hadi Temeke, ambao hawatajua kamwe kwamba kuna mtu aliwahi kuwasubiri mahali penye taa nyekundu. Hawataweza kuja kushukuru, hivyo tumejiteua kuwawakilisha. Nenda ukazivae zile sweta. Ulale mchana, uamke asubuhi bila kumkagua mtu, na siku zako zote ziwe na joto lile lile, kiangazi na masika.

Sherehe ya kumuaga ni Jumamosi, ukumbini kwa Bwana Nawaf. Namba Nne wanajifungua wiki hiyo, kwa hiyo muziki hautapigwa. Kinywaji ni uji.